Noti za Benki za Taifa za Marekani: Jinsi ya Kuitambua Uliyo Nayo na Kujua Thamani Yake

Kuanzia mwaka 1863 hadi 1935, benki zaidi ya 12,000 nchini Marekani zilitoa noti zenye majina yao wenyewe. Benki ya wachimba madini kule Nevada, benki ya wakulima wa ngano wa Kansas, benki kubwa za New York na Chicago, kila moja ilikuwa na noti zake, zenye jina la benki, jina la mji na sahihi za wakuu wake wawili. Serikali ndiyo iliyosimamia uchapishaji na ndiyo iliyozidhamini, lakini zilimfikia mwananchi kupitia dirisha la benki ya mjini kwake.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea wakizikadiria bei. Mwenye noti hutazama umri wake na kiasi cha dola kilichoandikwa. Mkusanyaji mzoefu hutazama mji kwanza. Noti mbili za dola 10 za mwaka 1929, zenye sura moja, rangi moja na uchakavu ule ule, zinaweza kupishana bei mara kumi, mara ishirini, hata zaidi, kwa sababu benki moja ilitoa noti mamia ya maelfu na nyingine ilitoa chache ambazo karibu zote zilirudi Hazina zikateketezwa. Ukilishika hilo, mengine yote katika mwongozo huu ni kazi ya macho, subira na kuandika vizuri unachokiona.

Kwanza ujue noti hizi zilitoka wapi

Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na ilihitaji fedha. Waziri wa Fedha wa Rais Lincoln, Salmon P. Chase, alisukuma sheria iliyopitishwa Februari 25, 1863, kisha ikaandikwa upya Juni 3, 1864. Benki iliyotaka kuitwa ya taifa ilinunua hatifungani za serikali, ikaziweka kwa Mtunza Hazina mjini Washington, nayo ikapewa noti zenye jina lake kwa kiwango cha asilimia 90 ya thamani ya hatifungani hizo. Mwaka 1900 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 100. Noti za benki zilizosajiliwa na majimbo, ambazo kabla ya hapo zilikuwa za kila namna na nyingine hazikuwa na nguvu yoyote, ziliuawa kwa kodi ya asilimia 10.

Kwa hiyo benki ikifilisika, mwenye noti hakupoteza kitu, maana hatifungani zilikuwa Washington na Hazina ililipa. Benki nyingi zilianguka miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, lakini noti zao hazikuanguka nazo. Hata leo hii noti ya benki iliyokufa miaka 100 iliyopita ni fedha halali ya Marekani kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa maduka mengi ya kubadilishia fedha Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko hukataa dola zenye sura ya zamani, na mtu anaweza kurudi nyumbani akiamini ameshika karatasi tupu. Kukataliwa kule dukani hakuhusiani kabisa na thamani ya noti hii. Na duka likikubali kukulipa kiasi kilichoandikwa, usiuze.

Mwaka 1935 Hazina iliziita hatifungani za mwisho zilizokuwa na haki ya kutolewa noti, na mfumo mzima ukafungwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni noti ya benki ya taifa

Weka noti mezani, kwenye karatasi safi nyeupe, mikono ikiwa mikavu na isiyo na mafuta. Tafuta mambo matatu usoni mwa noti: maneno National Currency, jina la benki na mji wake, na maandishi yanayosema noti imedhaminiwa na hatifungani za Marekani zilizowekwa kwa Mtunza Hazina. Jina la benki karibu kila mara huwa na neno National: First National Bank, Merchants National Bank, Farmers National Bank, na kadhalika.

Kuna ndugu watatu wanaopotosha watu.

Wa kwanza ni hatari zaidi. Mwaka 1929 benki kumi na mbili za akiba za serikali kuu nazo zilipewa kiolezo hicho hicho cha noti, chenye maneno National Currency na muhuri wa kahawia. Ukiona jina Federal Reserve Bank na, mahali pa namba ya benki, herufi kubwa nyeusi kuanzia A hadi L, basi hiyo ni noti ya benki ya akiba. Inakusanywa pia, lakini ina soko lake na bei zake. Kabla ya hapo, mfululizo (yaani toleo la kiolezo cha noti) wa 1915 na ule wa 1918 ulikuwa na noti kubwa za aina hiyo, nazo zina maneno yale yale.

Wa pili ni noti za benki za majimbo za kabla ya kodi ile ya asilimia 10. Nyingi zina picha nzuri usoni na mgongo mtupu, na hazina maneno National Currency. Wa tatu ni noti za waasi wa Kusini, ambazo hazikuwa na dhamana yoyote ya Washington na zimenakiliwa mno kwa ajili ya watalii.

Hatua ya pili: pima, kisha ujue mfululizo

Chukua rula. Noti kubwa ina upana wa takriban milimita 189 na kimo cha milimita 79. Noti ndogo ni 156 kwa 66, sawa na dola ya leo. Ndogo zote ni za mfululizo wa 1929. Kubwa zote ni za kabla yake.

Noti kubwa zimegawanyika katika vipindi vitatu, na hapa panahitaji utulivu. Hati ya benki, yaani kibali chake cha kufanya kazi, ilidumu miaka 20 kisha ikaongezwa muda, na sura ya noti iliyopewa benki ilitegemea miaka yake yenyewe, haikutegemea kalenda ya nchi. Benki iliyopata hati mwaka 1900 iliendelea kutoa noti za mfululizo wa 1882 hadi mwaka 1920, wakati jirani yake aliyeanza 1903 alikuwa akitoa za 1902. Usishangae basi kuona noti yenye mwaka 1882 na tarehe ya karne ya ishirini juu yake.

Kipindi cha kwanza kina noti zisizotaja mfululizo, ambazo wakusanyaji huziita Original, na zile zilizoandikwa Series 1875. Mgongo una picha nyeusi katikati ndani ya fremu ya kijani, nembo ya jimbo upande mmoja na tai upande wa pili. Hizi ndizo nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, kwa sababu kila moja ni somo la historia kama Wamarekani wa wakati ule walivyopenda kujisimulia: Columbus akiiona nchi kavu kwenye dola 5, Franklin na tiara yake katika radi ya 1752 kwenye dola 10, vita vya Lexington kwenye dola 20, Washington akivuka mto Delaware kwenye dola 50. Kuna dola 1, na kuna dola 2 maarufu ambayo tarakimu ya 2 imelazwa ubavu juu ya noti. Jina lake sokoni ni Lazy Deuce. Dola 1 na dola 2 ziliacha kutolewa baada ya Januari 1, 1879, serikali ilipoanza tena kulipa noti kwa sarafu. Hazikurudi tena, ndiyo sababu hata zilizochakaa sana zina wanunuzi.

Kipindi cha pili ni mfululizo wa 1882, na kina sura tatu za mgongo. Ya kwanza ni ya kahawia yenye namba ya benki kubwa katikati. Wakusanyaji huiita Brown Back. Ya pili ni ya kijani yenye miaka 1882 na 1908. Ya tatu ni ya kijani yenye kiasi cha dola kwa maneno makubwa katikati, na hii ndiyo adimu kuliko mbili zilizotangulia, kwa kuwa ilitolewa kwa miaka michache tu, 1916 hadi 1922, na benki chache zilikuwa bado kwenye kipindi hicho.

Kipindi cha tatu ni mfululizo wa 1902. Sura za watu usoni zitakusaidia: dola 5 ina Benjamin Harrison, dola 10 William McKinley, dola 20 Hugh McCulloch, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa ofisi ya kusimamia benki hizi, dola 50 John Sherman, na dola 100 John J. Knox. Kisha tazama rangi ya muhuri. Muhuri mwekundu maana yake noti ya 1902 hadi 1908, na ni benki tu zilizopata hati au kuongezewa muda ndani ya miaka hiyo ndizo zilizopewa. Muhuri wa bluu wenye miaka 1902 na 1908 mgongoni ulitoka baada ya sheria ya dharura ya Mei 30, 1908, iliyotungwa kufuatia mtikisiko wa benki wa mwaka 1907, iliyoruhusu hata dhamana nyingine mbali na hatifungani za serikali. Muhuri wa bluu na mgongo usio na miaka ni wa kuanzia 1916 hadi 1929. Hizi za mwisho ndizo za kawaida kuliko noti kubwa zote, na uwezekano ni mkubwa kwamba uliyo nayo ni moja yao.

Noti ndogo za 1929 zina aina mbili. Muhuri na namba za mfululizo ni za kahawia kwa zote. Aina ya 1, iliyotolewa hadi 1933, ina namba ya benki mara mbili kwa wino mweusi, na namba yake ya mfululizo huanza kwa herufi kati ya A na F na kuishia kwa A. Herufi hiyo ya mwanzo ni nafasi ya noti kwenye karatasi ya noti sita, ambazo zote zilibeba tarakimu zile zile. Aina ya 2, ya 1933 hadi 1935, imeongezewa namba ya benki kwa kahawia karibu na namba za mfululizo, na namba yake ya mfululizo haina herufi ya mwisho. Kwa benki nyingi Aina ya 2 ilitolewa kwa uchache, na wapo wanaotafuta hiyo tu ili wakamilishe jozi ya benki moja.

Hatua ya tatu: andika kila kitu kilicho usoni

Usitegemee picha ya simu peke yake. Andika kwenye daftari jina kamili la benki neno kwa neno, mji, jimbo, kiasi cha dola, mfululizo, rangi ya muhuri, namba ya benki, namba zote za mfululizo, tarehe iliyochapishwa na majina ya waliosaini. Jina neno kwa neno ni muhimu kwa sababu benki ilipobadili jina ilibaki mara nyingi na namba ile ile, na jina moja laweza kuwa la kawaida huku lingine likiwa adimu. Benki namba 5550, kwa mfano, ilianza kama First National Bank of Hawaii at Honolulu na baadhi ya noti zake za 1929 zina jina la Bishop First National Bank of Honolulu.

Namba ya benki ndiyo namba ya hati yake, na ndiyo ufunguo wa utafiti wote. Namba 1 ilikwenda kwa First National Bank ya Philadelphia, na zilipofika mwisho zilikuwa zimepita 14,000. Sheria ya Juni 20, 1874 ndiyo iliyoamuru namba hiyo ichapwe juu ya noti, kwa hiyo noti nyingi za Original hazina. Hizo utazitafuta kwa jina na mji. Kati ya 1902 na 1924 utaona pia herufi moja kando ya namba ya benki: N kwa New England, E kwa Mashariki, S kwa Kusini, M kwa katikati ya nchi, W kwa Magharibi na P kwa Pasifiki. Iliwekwa kuwasaidia makarani waliochambua noti zilizorudi, nayo haina uzito kwenye bei.

Noti kubwa nyingi zina namba mbili tofauti za mfululizo. Moja ni ya Hazina, nyingine ni ya benki yenyewe. Ile ya benki ndiyo ya kuitazama kwa makini, hasa ikiwa 1: noti kutoka karatasi ya kwanza kabisa ya benki huongeza thamani sana. Kuanzia 1925 namba ya Hazina iliondolewa na ya benki ikachapwa mara mbili.

Tarehe iliyochapishwa huwachanganya wengi. Hiyo si siku ambayo noti ilitolewa. Kwa kawaida inahusiana na kupatikana kwa hati ya benki au kuongezwa kwake, na ilibaki pale pale kwenye bamba la kuchapia kwa miaka mingi.

Sahihi za benki ni mbili, keshia na rais wa benki. Keshia hapa ni mtendaji mkuu wa shughuli za kila siku, mtu mkubwa mjini. Kwenye noti kubwa nyingine walisaini kwa kalamu, nyingine kwa muhuri wa mpira, nyingine sahihi ilichongwa kwenye bamba. Sahihi ya kalamu iliyo wazi na nzuri hupendwa. Ya muhuri mara nyingi imefifia hadi haionekani, na hilo hupunguza mvuto wa noti lakini haliifanyi kuwa bandia.

Hatua ya nne: tafuta benki yako

Hapa ndipo bei inapopatikana, na hapa ndipo ningekusihi utumie muda wako mwingi kuliko hatua nyingine zote.

Unatafuta majibu ya maswali manne. Benki ilitoa noti ngapi, na za aina gani? Kiasi gani kilikuwa bado nje benki ilipofunga au mfumo ulipokoma mwaka 1935? Ni noti ngapi zimeonekana na kuandikishwa mpaka leo, kubwa na ndogo? Na je, mji huo ulikuwa na benki nyingine zilizotoa noti?

Swali la tatu ndilo zito. Kwa miongo mingi wakusanyaji wamekuwa wakiandikisha kila noti inayojitokeza, kwa namba yake ya mfululizo, katika sensa inayoendelea. Chama cha wakusanyaji wa noti cha Marekani, Society of Paper Money Collectors, kilichoanzishwa 1961, kina kurasa za bure mtandaoni zenye historia za benki moja moja, maofisa wake na kiasi zilichotoa. Anza hapo, ingiza namba ya hati, usome. Kisha fungua kumbukumbu za minada za Heritage Auctions na Stack's Bowers, uandike namba ya benki na jina la mji. Utaona picha za noti zilizouzwa, uchakavu wake na bei. Linganisha namba za mfululizo ili usihesabu noti moja mara mbili, maana noti ile ile inaweza kuuzwa mnadani mara tatu ndani ya miaka ishirini na ikaonekana kama noti tatu.

Sababu za uadimu hazifanani. Kuna benki ndogo zilizosajiliwa baada ya sheria ya Machi 14, 1900, ambayo ilishusha mtaji wa chini hadi dola 25,000 kwa miji yenye watu wasiozidi 3,000. Nyingi zilitoa noti kidogo na zikaishi miaka michache. Kuna benki zilizofunga mapema, noti zao zikapata miongo kadhaa ya kurudi Hazina. Kuna majimbo mazima yaliyokuwa na watu wachache: Nevada, Arizona, Wyoming, Idaho. Noti iliyoandikwa Territory badala ya State, yaani kutoka eneo ambalo lilikuwa halijawa jimbo, ni ya daraja lake peke yake, na mji wowote wa Dakota, Wyoming au Arizona kabla ya kuwa majimbo hugombewa. Hali kadhalika Alaska, na First National Bank of Porto Rico ya San Juan, namba 6484. Kuna pia noti za benki za dhahabu za California, zilizoruhusiwa na sheria ya 1870, zilizochapwa kwenye karatasi ya rangi ya manjano na zenye picha ya sarafu za dhahabu mgongoni. Ukiwa na moja ya hizo, acha kusoma hapa na utafute mtaalamu.

Upande wa pili wa mizani ni benki kubwa za mijini. Bank of America ya San Francisco, namba 13044, Chase ya New York, namba 2370, na First National ya Chicago, namba 8, zilitoa noti nyingi mno na zimebaki nyingi. Pennsylvania, New York na Ohio kwa ujumla zina noti tele, ingawa hata ndani ya Pennsylvania kuna vijiji ambavyo noti yake ikijitokeza simu hulia nchi nzima.

Jambo moja ambalo namba hazisemi: mahitaji ni ya watu. Wengi hununua noti za mji waliozaliwa, au wa babu yao. Mji wenye noti sita na wakusanyaji wanane hai utakuwa na bei ya juu kuliko mji wenye noti mbili ambao hakuna anayeutafuta. Jina la mji lenye mvuto nalo huongeza. Hawaii ni mfano: noti za 1929 za Honolulu hazihesabiki kuwa adimu, lakini kila mtu anataka moja.

Kwa noti kubwa zilizochapishwa na ofisi ya uchapaji ya serikali ya Washington kuanzia 1875, kuna msaada mwingine ambao wengi hawaujui. Makumbusho ya Smithsonian yamehifadhi nakala za majaribio za mabamba ya benki hizi, na nyingi zimewekwa mtandaoni. Unaweza kulinganisha mpangilio wa jina, herufi na tarehe ya noti yako na bamba lenyewe la benki hiyo.

Hatua ya tano: hali ya noti

Wapimaji wa kulipwa, kampuni za PMG na PCGS, hutumia kipimo cha 1 hadi 70. Noti iliyochakaa lakini nzima huangukia kati ya 8 na 15. Yenye mikunjo kadhaa lakini bado ina ugumu wa karatasi na rangi ni 20 hadi 35. Yenye mikunjo miwili mitatu tu ni 40 au 45. Kuanzia 60 haijatumika.

Ishikilie dhidi ya mwanga utafute vitobo vya pini, vilivyokuwa vingi kwa sababu watu walibana noti kwa pini. Iinamishe upande uone mikunjo. Chunguza pembe, michaniko ya pembeni na maandishi ya kalamu. Kisha zingatia hili: kwa noti ya kawaida ya Chicago hali ndiyo kila kitu, na iliyochakaa haina haraka ya mnunuzi. Kwa mji ambao noti zake ni mbili duniani, hata iliyochanika hununuliwa.

Usiisafishe. Usiioshe, usiipige pasi, usiifute kwa kifutio, usibandike gundi ya plastiki kwenye mchaniko, usichore upya sahihi iliyofifia. Mpimaji ataliona hilo na kuliandika kwenye kasha la plastiki analoifungia noti, na bei itashuka bila kurudi. Iweke kwenye mfuko wa poliesta unaouzwa kwa ajili ya noti. Mifuko laini ya PVC hutoa kemikali zinazoharibu karatasi na wino.

Hatua ya sita: ulaghai na noti zilizochezewa

Noti za kipindi cha kwanza zilighushiwa tangu zilipokuwa zikitumika. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1876 genge moja la Illinois lilijaribu kuiba mwili wa Lincoln kaburini ili libadilishane nao mchongaji wao wa mabamba ya noti bandia, Benjamin Boyd, aliyekuwa gerezani. Kwa hiyo ukubwa wa umri wa karatasi hauthibitishi kitu. Tumia lenzi inayokuza mara kumi. Noti halali ilichapwa kwa bamba lililochongwa, mistari ni myembamba, mikali na endelevu, na wino umeinuka kidogo juu ya karatasi. Ya bandia ya zamani huwa na nyuso butu na mistari iliyoungana. Nakala za kisasa zikiwekwa chini ya lenzi huonyesha vinukta vya printa.

Siku hizi hofu kubwa zaidi ni noti halali iliyobadilishwa: mji kufutwa na kuandikwa mwingine adimu, namba ya benki kugeuzwa, kipande kilichokosekana kujazwa kwa karatasi nyingine. Hakikisha namba ya benki, jina, jimbo na majina ya maofisa vinakubaliana na kumbukumbu za benki hiyo kwa miaka husika. Mlaghai anaweza kuubadili mji, lakini mara nyingi husahau kwamba keshia anayejulikana wa benki ile alikuwa mtu mwingine. Kwenye noti za 1929 tafuta pia nyuzi ndogo nyekundu na bluu zilizotawanyika ndani ya karatasi yenyewe, si zilizochorwa juu.

Noti za plastiki za dhahabu, na karatasi ngumu zenye rangi ya chai zinazouzwa mtandaoni kwa dola chache, ni mapambo.

Hatua ya saba: kukisia bei na kuuza

Nitataja viwango kwa tahadhari, kwa sababu soko husogea. Noti ya 1929 ya dola 5, 10 au 20 kutoka benki ya kawaida, ikiwa imetumika, mara nyingi huuzwa kati ya dola 50 na 150. Noti kubwa ya 1902 ya muhuri wa bluu kutoka mji mkubwa huanzia hapo hapo au juu kidogo. Brown Back ya kawaida huanzia mamia ya dola, muhuri mwekundu kadhalika, na Lazy Deuce hata iliyochoka huvuka elfu moja. Juu ya misingi hiyo ndipo uadimu wa benki unapowekwa, nao hauna dari. Noti za miji adimu hufika makumi ya maelfu.

Ili ukisie yako, tafuta mauzo matatu ya karibu ya benki hiyo hiyo, au, kama hayapo, ya benki nyingine ya jimbo hilo yenye idadi kama hiyo kwenye sensa, mfululizo huo huo na hali inayokaribiana. Mauzo ya zaidi ya miaka kumi iliyopita yape uzito mdogo. Kumbuka kwamba bei zinazoonekana kwenye kumbukumbu za minada kwa kawaida zimejumuisha ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika asilimia 20 au kupita. Mwuzaji hapati kiasi hicho chote. Na bei aliyoiandika mtu kwenye tangazo la mtandaoni haina maana yoyote mpaka pale mtu mwingine atakapoilipa; chuja uone zilizouzwa tu.

Gharama ya kupima na kuweka kwenye kasha, pamoja na usafirishaji wa bima, haifai kwa noti ya dola 80. Inafaa kwa noti inayokaribia dola 300 na kuendelea, au kwa noti ambayo uhalali wake utaulizwa. Kama uko Dodoma au Mombasa na noti ni ya thamani, tuma kwanza picha safi za pande zote mbili kwa nyumba mbili za mnada, bila kuikata wala kuificha namba ya benki, na uulize makadirio yao kwa maandishi. Nyumba kubwa hutoa makadirio hayo bure. Ndugu aliyeko Marekani anaweza kukusaidia kuipokea na kuipeleka, ilimradi mkubaliane kimaandishi kabla noti haijaondoka.

Mfanyabiashara atakayekununulia papo hapo atakupa chini ya bei ya mnada, na ni haki yake kwa kuwa naye anatafuta faida na anabeba hatari ya kukaa nayo. Kwa noti ya kawaida, kubali na umalize. Kwa noti ambayo sensa inaonyesha chini ya tano, usikubali ofa ya kwanza, hata ikija na haraka na fedha taslimu mezani. Ipeleke mnadani, na uombe iorodheshwe kwa jina kamili la mji, maana mtu aliyeisubiri noti hiyo atakuwa akitafuta kwa jina hilo.